Boti ya mashine iliyotumika: namna ya kugundua maji yaliyojificha kabla hujatoa hela

Boti ndogo ya faiba inayouzwa Matema, Itungi au kando ya bwawa la Mtera huanza kuharibika mahali ambapo macho hayafiki. Faiba yenyewe haiozi. Kinachooza ni mbao zilizofungiwa ndani yake: ubao wa nyuma unaobeba mashine, mihimili inayopita chini ya sakafu, na plaiwudi ya sakafu. Maji hupenya kwenye tundu la skrubu ambalo halikuzibwa vizuri, hukaa humo miaka, na nje boti inaendelea kung'aa.

Wanunuzi wengi wa Mbeya na Iringa huiogopa boti iliyotoka pwani kwa sababu ya chumvi, wakaiamini ile iliyozaliwa ziwani. Kwa upande wa mashine na vyuma wana haki. Kwa upande wa mbao mambo yamegeuka. Chumvi huwapunguzia nguvu fangasi wanaoozesha mbao, ila maji baridi (yasiyo na chumvi), na zaidi maji ya mvua, hayawazuii hata kidogo. Kyela ni miongoni mwa sehemu zinazopata mvua nyingi zaidi nchini. Boti iliyolazwa ufukweni bila turubai kuanzia Novemba hadi Mei hujaa maji ya mvua tena na tena, nayo hayatoki yote hata ukifungua kizibo. Kwa hiyo boti ya pwani ianze kukaguliwa chuma, ya ziwani ianze kukaguliwa mbao.

Nenda asubuhi, boti ikiwa nchi kavu, na umwambie mwenyewe mapema: "Kaka, naomba niione kabla haijaoshwa." Boti iliyooshwa imefutwa nusu ya ushahidi wake. Mashine nayo iwe imelala usiku kucha bila kuwashwa. Sababu utaiona mbele. Beba nyundo ndogo ya plastiki (mpini wa bisibisi unatosha), bisibisi bapa, spana ya plagi, tochi, kitambaa cheupe na chupa tupu ya maji iliyo safi. Kipima unyevu cha mbao kikipatikana ni vizuri, lakini kisikufanye uache nyundo nyumbani. Baada ya kiangazi kirefu mbao iliyokwisha kuoza inaweza kukauka kabisa, kipimo kikaonyesha salama, huku ndani umebaki unga. Nyundo haidanganyiki hivyo.

Ubao wa nyuma unacheza mashine ikisukumwa

Mimi huanza hapa, na mara nyingi humaliza hapa. Ubao huu hubeba uzito wa mashine na kupokea msukumo wake wote. Kwenye boti nyingi za faiba ni plaiwudi nene iliyofunikwa faiba pande zote mbili. Ikioza katikati, maganda mawili ya faiba hubaki yakiwa wima kana kwamba hakuna kilichotokea, mpaka siku mashine itakapotikisika kwenye wimbi.

Teremsha mashine, ishike chini karibu na pangaboi, uisukume juu na chini kwa nguvu ya kawaida. Mwenzako aangalie ukingo wa juu wa ubao na kona unapokutana na mbavu za boti. Mashine kucheza kidogo kwenye raba zake si tatizo. Ubao wenyewe kupinda, hata kwa unene wa kucha, ni tatizo. Nyufa zinazotokea kwenye kona zile na kufunguka unaposukuma zinakwambia kwamba mbao ya ndani haishiki tena.

Halafu tazama bolti za mashine. Washa (vile vipete bapa vya chini ya nati) zikiwa zimezama ndani ya faiba, mtu amekuwa akikaza nati kila zilipolegea, na mbao laini ikawa inabonyea. Mchirizi wa rangi ya kahawia chini ya bolti ni maji yaliyopita kwenye mbao iliyooza na kutoka na rangi yake. Hilo peke yake, bila dalili nyingine, linatosha kuomba bolti moja ifunguliwe.

Sasa gonga. Anza juu, shuka taratibu, sentimita chache kila pigo, upana wote wa ubao. Mbao nzima hutoa mlio mkali na mkavu, na nyundo hurudi mkononi. Iliyooza au iliyoachana na faiba hutoa mlio mzito unaokufa papo hapo. Usitafute mlio mmoja mbaya. Tafuta mahali mlio unapobadilika, kisha chora mpaka wake kwa chaki. Mara nyingi mpaka huo huanzia kwenye tundu la kutolea maji, chini kabisa, na kupanda. Pale mbao ilikatwa, ukingo wake ukaachwa wazi au ukafunikwa kwa bomba dogo la shaba lililolegea. Ingiza kidole ndani ya tundu. Ukigusa nyuzi za mbao zilizolainika, au kucha ikazama, chanzo umekipata.

Ukibaki na shaka, omba kutoa skrubu moja ndogo ya chini, kwa mfano ile inayoshikilia kibati cha kihisio au ngazi. Chokonoa kwa msumari. Vipande vikavu na vigumu vyenye rangi ya mbao ni habari njema. Unga mweusi uliolowa, wenye harufu ya udongo wa chini ya majani, ni jibu kamili. Tundu lizibe kwa silikoni ya boti kabla hujaondoka, hata kama huinunui.

Ubao wa nyuma unaweza kujengwa upya. Fundi hukata ganda moja la faiba, hukwangua mbao yote, huweka plaiwudi mpya ya majini na kuifunika kwa rezini na nguo ya faiba. Kazi hiyo huchukua siku nyingi, inahitaji mahali pakavu, na fundi wa kuifanya vizuri hapatikani kila mwalo. Kwa hiyo boti yenye ubao uliooza haina bei ya boti. Ina bei ya mashine yake, kama mashine ni nzima.

Sakafu inabonyea unapotembea

Tembea kwa visigino, pole pole, kuanzia omo (mbele ya boti) hadi tezi (nyuma). Sakafu inayobonyea mahali pamoja, karibu na kiti au tenki, kwa kawaida ni plaiwudi ya juu tu iliyooza kwenye matundu ya skrubu. Kuibadilisha si kazi kubwa. Ikibonyea kwa mstari mrefu unaofuata urefu wa boti, au sehemu zote mbili za katikati zikashuka pamoja, wasiwasi ni mihimili ya chini, na hapo umefika kwenye uti wa mgongo wa boti.

Kutofautisha, fungua kifuniko chochote kilichopo, washa tochi, ugonge mhimili wenyewe. Tazama pia mahali mhimili unapokutana na sakafu ya chini ya boti. Faiba iliyobanduka hapo, ikiacha mstari mweupe au upenyo, maana yake boti imekuwa ikipinda kila inapokutana na wimbi. Ziwa Nyasa si bwawa la samaki. Upepo wa kusini, Mwera, huvuma kwa nguvu kati ya Mei na Agosti na kunyanyua mawimbi makubwa chini ya Milima ya Livingstone, ambako ufuko wa kukimbilia ni mchache. Boti yenye mihimili iliyoachana na mwili haifai kubeba watu huko, hata bei ikishuka kiasi gani.

Kama hakuna kifuniko cha kufungua na muuzaji hataki kufungua skrubu hata moja ya sakafu, usiilipie bei ya boti nzima. Unakuwa umenunua sehemu ya juu peke yake.

Boti ni nzito kupita kiasi, au inakaa tezi ndani ya maji

Boti nyingi ndogo hujazwa povu gumu chini ya sakafu ili zisizame zikijaa maji. Povu hilo likiwa kavu ni jepesi sana: lita 100 zake zina uzito wa kilo 3 hivi. Mvua na maji ya ngama (sehemu ya chini kabisa ya boti maji yanapokusanyika) yakilifikia kwa miaka, vijishimo vyake hupasuka na kunywa maji, na lita moja ya maji ni kilo moja. Boti inaweza kuongezeka makumi ya kilo, hata zaidi ya mia, bila mtu kuona tone. Zaidi ya hapo, povu lililolowa huzibania mbao za mihimili zisikauke kamwe.

Waulize vijana wanaoivuta ufukweni. Wao wanajua kama mwaka juzi ilivutwa na watu wanne na leo inahitaji saba. Angalia na mwili wake: mstari wa ukungu na uchafu wa maji ukiwa juu ya mstari wa rangi ya zamani, hasa upande wa tezi, boti imekuwa ikielea chini kuliko ilivyoundwa. Boti iliyopandishwa kwenye Fuso kwenda Mbeya mjini au Iringa unaweza kuipitisha kwenye mizani, ukatoa uzito wa gari, ukalinganisha na uzito ulioandikwa na kiwanda.

Fungua kizibo cha tezi na uinue omo kwa magogo. Maji yanayotoka haraka na kwisha ni ya mvua ya jana. Maji ya kahawia yanayoendelea kudondoka kutwa nzima yanatoka ndani ya povu. Povu hilo halikaushwi kwa kuanikwa juani. Hukatwa, likatolewa, likawekwa jipya.

Malengelenge chini ya boti

Haya huwatisha watu kuliko yanavyostahili. Boti iliyokaa majini muda mrefu bila kupandishwa hupata vipele kwenye ngozi ya nje ya faiba. Maji hupenya ngozi hiyo polepole, huyeyusha kemikali zilizobaki tangu siku ya kuundwa, na shinikizo linainua ngozi. Maji yasiyo na chumvi, yakiwa ya vuguvugu, huyaleta haraka kuliko ya chumvi. Ukilitoboa moja, vaa miwani kwanza, kwani kilichomo hutoka kwa kasi. Kikiwa chenye utelezi na harufu ya siki, ni ugonjwa huo.

Vipele vidogo vilivyotawanyika hupunguza bei na havikatazi kununua. Sehemu pana kama sahani iliyoinuka, yenye mlio mzito ikigongwa, ni matabaka ya faiba yanayoachana, na hiyo ni kesi nyingine kabisa.

Kama boti ni ya mbao tupu

Chukua kisu chenye ncha na uchome kwa mkono, bila kupiga: karibu na mkuku (uti wa chini wa boti), chini ya mataruma (mbavu zake za ndani), kuzunguka vichwa vya misumari, na mahali mbao za ubavuni zinapoingia kwenye omo. Ncha isizame zaidi ya milimita mbili tatu. Weusi unaozunguka msumari ni kutu iliyokula mbao. Puti nene iliyopakwa rangi mpya mahali pa kalafati (pamba ya kuziba mianya kati ya mbao), ikwangue kidogo uone ina pamba chini yake au inafunika shimo.

Oili ya gia imekuwa kama chai ya maziwa

Hii ndiyo sababu ya kutaka mashine ilale usiku kucha. Maji ni mazito kuliko oili, hivyo hushuka chini ya gia boksi. Weka chupa yako, legeza skrubu ya chini taratibu bila kuitoa yote, na usiguse ile ya juu. Kinachotoka kwanza kikiwa ni maji, sili (raba inayozuia maji kuingia kwenye gia) imekufa. Oili ikitoka nyeupe, maji yalikwisha kuchanganywa nayo mashine ikitembea.

Chanzo cha kawaida kwenye ziwa lenye uvuvi ni uzi wa nyavu uliojizungusha kwenye shafti ya pangaboi na kuikata sili. Toa pangaboi, tazama nyuma yake. Ukikuta uzi na shafti haina mkwaruzo, badilisha sili, na gharama ni ndogo. Ukikuta unga wa chuma kwenye sumaku ya skrubu, au shafti inacheza ukiitikisa, gia na beringi zimeshakunywa maji muda mrefu.

Oili safi inayong'aa nayo isikutulize. Pengine imebadilishwa jana. Irudie kuiangalia baada ya kuijaribu boti majini.

Mashine za mipigo minne zina oili nyingine juu, na hapa baridi yetu hupotosha watu. Mashine iliyohifadhiwa Mbeya mjini Juni na Julai inaweza kuwa na utando mweupe chini ya kifuniko cha oili kwa sababu ya mvuke ulioganda, bila kuwa na ugonjwa. Chomoa kijiti cha kupimia. Oili ya kwenye kijiti ikiwa safi, utando ule usikusumbue. Kijiti kikitoka na weupe, maji yanaingia.

Plagi zinasema nini

Toa plagi zote na uzipange kwa mpangilio wa silinda zake. Moja ikiwa safi kupita wenzake, kana kwamba imeoshwa, silinda ile inapokea maji, mara nyingi kwa gasketi iliyokufa baada ya mashine kuchemka. Kutu kwenye nyuzi za plagi ni maji yaliyokaa humo mashine ikiwa imezimwa.

Pima kompresheni (shinikizo la hewa inayobanwa ndani) ya kila silinda. Hapa nyanda za juu lazima uisome kwa akili. Mbeya mjini iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ina shinikizo pungufu karibu moja ya tano kuliko Dar es Salaam. Ufuko wa Ziwa Nyasa uko mita 475 hivi. Mashine ileile itasoma chini ikipimwa uwanjani Mbeya na kusoma juu zaidi ikipimwa Itungi. Usiikatae kwa namba ya kitabu, wala usikubali namba ambayo muuzaji alipewa na fundi wa pwani. Linganisha silinda kwa silinda. Zikipishana zaidi ya asilimia 10 hivi, ulizia sababu.

Mashine iliyozama

Kyela ni bonde la Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo, na mito hiyo hufurika. Mashine iliyokuwa kibandani ikazamishwa na mafuriko huoshwa, hupakwa rangi, na husafirishwa kuuzwa mbali. Mashine iliyozama huokolewa ikifunguliwa, kuoshwa na kulainishwa kwa oili ndani ya saa chache. Ikiachwa ikutane na hewa ikiwa na maji, beringi hushika kutu.

Vua kofia ya mashine na usitazame pale panapofutika kwa kitambaa. Mulika chini ya flaiwili, nyuma ya stata, ndani ya kona za mabano ya kabureta na kwenye mikunjo ya nyaya. Tope laini lililokauka hapo haliletwi na mawimbi. Fungua skrubu ya chini ya kabureta, upokee petroli kwenye chupa, uiache itulie: maji yatakaa chini peke yake. Unga mweupe ndani ya bakuli la kabureta ni aluminiamu iliyoliwa. Kisha, plagi zikiwa nje, vuta kamba pole pole sana. Mzunguko uwe laini mwanzo hadi mwisho. Ukihisi mkwaruzo wa mchanga mchanga, achana nayo.

Kwa mashine iliyotoka pwani, ongeza kuangalia nyumba ya thamostati (kifaa kinachodhibiti joto la mashine). Gamba jeupe gumu kwenye njia za maji ni chumvi isiyosuuzwa. Mashine ya namna hiyo itachemka hata kwenye maji baridi ya ziwani, kwa kuwa njia zimeziba.

Taa zinafifia, swichi inasumbua

Usiangalie ncha za nyaya, angalia ndani. Menya sentimita mbili za waya mmoja karibu na betri na mwingine karibu na tezi. Shaba iwe na rangi ya shaba. Ikiwa nyeusi au ya kijani chini ya plastiki, maji yamepanda ndani ya waya wote, na dawa yake ni waya mpya. Kwenye boti ndogo hii si gharama ya kuvunja biashara.

Rangi mpya mahali pamoja

Boti iliyopakwa yote inaweza kuwa ya mtu anayeipenda. Boti iliyopakwa ubao wa nyuma tu, au sakafu tu, ina swali. Gonga palepale, na uulize ilipakwa lini na kwa nini. Hali kadhalika kapeti jipya lililobandikwa sakafuni na silikoni iliyojazwa kuzunguka kila bolti.

Majini

Usilipe kabla haijaelea. Kausha ngama kwa kitambaa mpaka pakavu kabisa, pakia watu na mzigo wa kawaida, kisha nenda nusu saa, sehemu ya safari hiyo kwa kasi. Hakikisha maji ya kupoozea yanatoka kwa nguvu muda wote. Ukiwa kwenye kasi, geuka utazame ubao wa nyuma wakati mashine inasukuma.

Ukirudi, zima, keti dakika chache, fungua kifuniko cha ngama. Maji machache chini ya shafti ya usukani au bomba la tenki yana njia inayojulikana, fuata unyevu kwa kitambaa mpaka ufike yanapoingia. Maji yanayotokea katikati bila njia yanatoka kwenye mihimili au povu. Legeza tena skrubu ya gia boksi, ukijihadhari kwa kuwa oili ina moto, uone kama rangi imebadilika tangu asubuhi.

Mkielewana bei, dai hati za usajili wa chombo na risiti ya mashine, na namba ya mashine ilingane na iliyoandikwa. Ukaguzi wa vyombo vidogo uko chini ya TASAC (Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania), na chombo cha uvuvi kina leseni yake ya halmashauri. Kila kasoro mliyoikuta iandikwe kwenye karatasi ya mauziano, muuzaji atie sahihi mbele ya mwenyekiti wa mtaa au kijiji, na kila mmoja abaki na nakala.